Habari za Mvua Katika Nchi ya Meru

Katika darasa letu hapa Moshono mtoto mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Tulikuwa tukisoma habari za pepo mbili za bahari, kaskazi na kusi, nasi tuliwaambia watoto ya kuwa pepo hizi hazikosi zamu yake hata mwaka mmoja. Ndipo mtoto huyo akasimama akasema, "Mwalimu, kama upepo haukosi kuja, mbona mvua hukosa?" Tulimwambia akae, tutamjibu kesho. Kesho ile ilichukua miezi mingi, na haya tuandikayo ni baadhi ya yale tuliyoyakuta katika kutafuta.

Yafaa tuanze pwani, ijapokuwa sisi ni watu wa mlimani, kwa maana mvua yetu yatoka baharini. Neno hili msimu asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya wakati uliowekwa. Mabaharia wa Uarabuni walilitumia kwa wakati wa kusafiri, Wareno wakalichukua kwao, na kwa njia ya Wareno likafika kwa Waingereza. Hata leo Waingereza huita pepo hizi kwa neno lilo hilo, ila limepotoka kidogo katika vinywa vyao. Kaskazi huanza kuvuma katika mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, ikashika nguvu katika Juni na Julai, ikadumu mpaka Septemba. Katikati ya hizo mbili ndipo wakati ule ambao watu wa pwani huuita tanga mbili, maana chombo chaweza kwenda huku na huku, kwa kuwa upepo haujakata shauri.

Watu wa kale waliziamini pepo hizi kwa mali zao na kwa roho zao. Mwanamaji mmoja wa Kiyunani aliandika kitabu katika karne ya 1, akieleza safari za vyombo mpaka Rhapta katika pwani yetu. Watu wa Unguja na mrima walihesabu mwaka wa jua uanzao siku ya Nairuzi, wakaugawanya kwa miongo, yaani siku kumi kumi, wapate kujua wakati wa kusafiri na wakati wa kulima. Watu wa Makunduchi huoga mwaka huo katika Julai hata leo. Tena tuna ushahidi wa Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa huko, akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, safari isiyotimiza majuma manne. Lakini alipotaka kurudi hakungoja kaskazi itulie. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, akaelea baharini karibu miezi mitatu, hata akaiona Afrika tena katika Januari 1499, na mabaharia wake wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa wa fizi. Bahari ilikuwa ileile. Yeye ndiye aliyevunja msimu.

Basi upepo una ahadi, na aivunjaye huona. Mvua je? Hapa ndipo tulipopata mwanzo wa jibu la mtoto yule. Kaskazi ikishavuma sawasawa, kwetu ni jua kali la Januari na Februari. Kusi ikishavuma sawasawa, kwetu ni baridi na mawingu ya Juni na Julai, na manyunyu yasiyojaza ndoo. Mvua kubwa haiji katika upepo wowote wa hizo mbili. Huja wakati zinapokabidhiana. Jua linapovuka katikati ya dunia, katika Machi kwenda kaskazini na katika Septemba kwenda kusini, hutanguliwa na joto na kufuatwa na ukanda wa mawingu, mahali pepo za pande mbili zikutanapo, hewa ikapanda juu na kuangusha maji. Ukanda huo ukipita kwenda kaskazini, twapata masika. Ukirudi kusini, twapata vuli. Na makabidhiano ni makabidhiano: huenda yakawa ya siku nyingi au chache, mapema au kwa kuchelewa, na pengine mmoja hutoa mkono na mwingine hajafika.

Tena kuna mlima. Meru una urefu wa mita zaidi ya 4,500, nao umesimama peke yake katika nchi tambarare, kama mtu aliyezuia mlango. Upepo wa bahari ukija kutoka kusini na mashariki hupanda ubavuni, hupoa, huacha maji yake upande huu wetu, na ukishavuka huko nyuma hauna kitu tena mkononi. Kwa sababu hiyo mtu aweza kutoka migombani hapa chini ya msitu asubuhi, akauzunguka mlima, na kabla ya jioni akawa Oldonyosambu katika vumbi na miiba. Hata ndani ya Moshono peke yake, mvua yaweza kunyesha kwa jirani wa juu na kuacha shamba la jirani wa chini likiwa kavu. Watu wa ugenini hudhani twatania tukisema hivi. Hatutanii.

Waliotangulia kukaa katika ubavu huu ni Wameru, nao walishika upande wa mashariki. Waarusha walikuja nyuma, wapata miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, kule kusini ya Moshi. Hao ni watu wa lugha ya Kimaasai walioshika jembe. Walikata msitu upande wa magharibi na kusini, wakapanda migomba, mahindi, maharagwe na ulezi, wakauziana chakula na Wamaasai wa mbugani kwa mbuzi na ngozi. Wala hawakutegemea mvua peke yake. Walichimba mifereji, wakaongoza maji ya Themi na Nduruma na vijito vingine mpaka mashambani, mito ile ile iendayo Kikuletwa na mwisho Pangani. Mfereji ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Siku ya kuusafisha, kila mwenye shamba alitoka na jembe lake, na asiyetoka alitozwa.

Lakini akili kubwa ya wazee hao, kwa maoni yetu, haikuwa mfereji. Ilikuwa ni kugawanya mashamba. Mtu mwenye nguvu alikuwa na migomba juu, penye ukungu na unyevu. Alikuwa na mahindi na maharagwe kati. Na alipeleka ng'ombe na kulima kidogo chini kwenye tambarare, ambako mwaka mwema udongo hutoa sana na mwaka mbaya hautoi lolote. Kwa hiyo mvua ilipokosa chini, alikula juu. Baridi ilipozidi juu, alikula chini. Alikwisha kukubali moyoni kwamba mahali pamoja patamwangusha, asijue ni papi.

Katika lugha ya Kimaasai neno Engai ni jina la Mungu, na ni jina la mvua pia. Wazee walisema habari za Engai Narok, aliye mweusi, anayeleta mawingu na majani, na habari za Engai Nanyokie, aliye mwekundu, ambaye hasira yake ni jua na njaa. Sisi tuliobatizwa twalitumia jina hilo hilo katika sala zetu, na mara nyingine mtu akiomba kwa Kimaasai wakati wa ukame, msikilizaji mgeni hawezi kutambua kama anamwita Mungu au anaita mvua. Wazee walikusanyika chini ya mti wa oreteti wakaomba. Tena waliangalia mbingu kwa macho ya kawaida. Zile nyota ndogo zilizosongamana, ambazo Waswahili huziita Kilimia kwa sababu ya kulima, hutoweka katika nuru ya jua mwanzoni mwa Mei, na katika Juni huonekana tena alfajiri. Mtu aliyeziona zikishuka magharibi kila jioni, zaidi na zaidi, alijua ya kuwa siku za kupanda zinakwisha. Nyota zilimwambia wakati. Hazikumwambia kiasi.

Hapo katika miaka ya 1890 yalikuja mambo ambayo hakuna mgawanyo wa mashamba ulioweza kuyakinga yote. Mwaka wa 1891 sotoka iliingia katika nchi za Wamaasai, ikaua ng'ombe karibu wote. Ndui ikafuata. Kisha, katika miaka ya mwisho ya karne ile, mvua zikakosa tena na tena katika nchi kubwa ya Afrika ya Mashariki, kuanzia milima ya Kikuyu na Ukamba hata huku kwetu, na njaa ya 1898 mpaka 1900 ikaacha mifupa njiani. Wamaasai waliosalia walipanda mlimani. Wengine walileta watoto wao kwa Waarusha wapate kula, wengine wakaoa au kuolewa, wakashika jembe, wasirudi tena mbugani. Si nyumba chache katika Moshono na vijiji vya jirani ambazo babu wa babu yao alipanda mlima huu akiwa na njaa. Watu wakiulizana koo zao katika arusi, ukisikiliza vizuri, utasikia mvua iliyokosa zamani hizo ikitajwa pasipo kutajwa.

Katika hali hiyo ya udhaifu Wadachi walikuja na bunduki, na mwaka wa 1900 boma lao la Arusha lilikuwa linasimama, likijengwa kwa mikono ya wenyeji. Habari za vita hatutaki kuzirefusha hapa. Zimeandikwa mahali pengi. Twataka kusema juu ya ardhi tu, maana hapo mvua ilipata nguvu mpya juu yetu. Msitu wa juu uliwekewa mpaka, mtu asikate wala asilime. Nchi ya chini iligawiwa walowezi, Wadachi na Makaburu, na baadaye, zamani za Waingereza, Wayunani na wengine, kwa mashamba ya kahawa na mkonge. Wameru na Waarusha wakabaki katikati kama mtu aliyefungwa mshipi. Idadi yao ikaongezeka, na ngazi ile ya mashamba ya juu, ya kati na ya chini ikavunjika. Kumbe kabla ya hapo mvua ikikosa, ilimkosa mtu mahali pamoja katika matatu. Sasa ilimkosa mahali pake pote.

Serikali ya Waingereza iliona kwamba watu wamebanana, ikamtuma Jaji Wilson kuchunguza, naye akatoa taarifa yake mwaka wa 1947. Lakini katika kutengeneza mipaka, iliamriwa kwamba Wameru waondolewe Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili nchi ile iwe ya walowezi wafugao. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapata 3,000 walifukuzwa, nyumba zikachomwa. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka wa 1952 kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Wengi hukumbuka kesi hii kwa ajili ya haki na uhuru, na wako sawa. Sisi twaongeza jambo moja dogo: nchi ile ni kavu, lakini ina maji ya chemchemi yatokayo mlimani. Katika nchi isiyo na hakika ya mvua, chemchemi ni zaidi ya shamba.

Tusidhani ya kuwa ni sisi peke yetu tuliosumbuliwa. Wasomaji wakumbuka habari za Yusufu kule Misri, miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Mafuriko ya Nile yatoka katika mvua za Uhabeshi za Juni mpaka Septemba, nazo ni jamaa moja na mvua zetu. Wamisri walipima kimo cha mto kila mwaka, na tangu karne ya 7 vipimo vyao vimeandikwa. Ukivitazama huoni mwaka uliofanana na mwenziwe. Bara Hindi nako, kusi ilipokosa kuleta mvua mwaka wa 1877 na tena mwaka wa 1899, watu walikufa kwa mamilioni. Basi mwaka wa 1904 Waingereza walimweka kule Gilbert Walker kuwa mkuu wa kupima hali ya hewa. Alikuwa mtu wa hesabu, tena mpenzi wa kurusha kile kijiti cha wenyeji wa Australia kinachomrudia mwenye kukirusha; rafiki zake walimtania kwa mchezo huo. Alikusanya vipimo vya dunia nzima, makarani wake wakahesabu kwa mikono miaka mingi. Akaona ajabu: uzito wa hewa ukizidi upande wa Australia na Bara Hindi, hupungua katika bahari ya Pasifiki, na kinyume chake, kama watoto wawili juu ya bembea ya mti. Hakufaulu kutabiri mvua ya Bara Hindi, kazi iliyompeleka huko. Lakini bembea ilikuwa ya kweli, na mwaka wa 1969 Jacob Bjerknes alieleza jinsi inavyoungana na maji ya moto ya Pasifiki yaitwayo El Niño. Mwaka wa 1999 wataalamu wengine wakaonyesha kwamba bahari yetu ya Hindi ina bembea yake yenyewe: upande wetu ukipata joto na upande wa Indonesia ukapoa, vuli yetu huwa kubwa mno.

Huku kwetu Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka wa 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 kila nchi ilishika njia yake, na tangu mwaka wa 1999 kazi hii kwetu imekuwa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Sasa basi, pamoja na elimu hiyo yote, na tuitazame miaka.

Mwaka wa 1961 ulianza kwa ukame na njaa. Mahindi ya Marekani yaliletwa kulisha watu, na katika mbuga za Wamaasai ng'ombe walikufa wengi. Halafu, katika Oktoba na Novemba, mvua ikanyesha pasipo kiasi katika Afrika ya Mashariki yote, na Ziwa Victoria likaanza kupanda, likapanda kwa miaka, likameza bandari na mashamba ya kandokando. Pasifiki mwaka ule haikuwa na El Niño. Ilikuwa ni bembea ya bahari ya Hindi. Mwaka wa 1997 El Niño kubwa ilikuja pamoja na bembea hiyo, na mvua ikanyesha tangu Oktoba mpaka mwanzo wa 1998, ikakata barabara na reli. Na neno elinino likaingia katika Kiswahili, hata mabibi sokoni wakalitumia kwa mvua yoyote kubwa. Mwaka wa 2015 wataalamu waliona El Niño yenye nguvu kama ile. Watu wakazibua mitaro, wakangoja. Mvua ilikuja, lakini haikufanana na ya 1997 hata kidogo, na wako waliocheka redio. Twaona walicheka kabla ya wakati. Mwezi wa Oktoba 2023 Rais wa Kenya aliwaambia watu wake kwamba El Niño iliyotangazwa haitakuja. Katika Novemba mafuriko yakawa makubwa, na tarehe 3 Desemba tope na mawe yakashuka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa.

Hiyo ni vuli, ambayo wenye elimu husema ndiyo iliyo rahisi kutabiri. Masika ni ngumu zaidi, kwa maana haizifuati sana bembea hizo mbili. Hufuata mawimbi ya mawingu yazungukayo dunia kwa siku 30 mpaka 60, na dhoruba za mbali ambazo hakuna ajuaye miezi mitatu mbele kama zitazaliwa. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika ya Mashariki yalionekana kupungua, hali mashine za hesabu zikisema yataongezeka kwa kuwa dunia inapata joto. Wataalamu wenyewe waliliita jambo hilo fumbo. Kisha 2018, 2020 na 2024 zikaja na masika ya mafuriko. Mkulima wa Moshono hakuhitaji kuambiwa kwamba ni fumbo.

Na turuhusiwe kusema kidogo habari zetu wenyewe. Mwaka wa 2019 mvua ilinyesha mapema kidogo katika Machi, usiku mzima, na asubuhi mlima ulikuwa umevaa kilemba chake cha mawingu. Kumbikumbi walikuwa wameruka. Tulipanda mahindi na maharagwe yote, mbegu za dukani, siku mbili mfululizo, na watoto wakitusaidia. Mzee mmoja jirani, rika la babu zetu, alisimama mpakani akatazama. Akasema, "Mwalimu, umepanda kila kitu?" Tukasema ndiyo, baba. Akanyamaza. Siku zile zile kimbunga kiitwacho Idai kilikuwa kimekaa kati ya Madagaska na Msumbiji, na usiku wa tarehe 14 Machi kikaipiga Beira na kuua watu mamia kwa mamia. Wataalamu walieleza baadaye kwamba kimbunga hicho kilivuta unyevu wote kwake, na masika yetu yakachelewa kwa majuma. Sisi tuliona tu jua. Mahindi yalichipua, yakasimama, yakajikunja kama karatasi penye moto. Mvua ya kweli ilipokuja hatukuwa na mbegu wala fedha, tukakopa. Tena mwisho wa mwaka ule ule vuli ikazidi kipimo, nchi jangwa za kaskazini zikaota majani, nzige wakazaliana huko, na mwanzoni mwa 2021 makundi yao yakaonekana Longido na Simanjiro. Ukame na gharika na nzige ndani ya miaka miwili, vyote vikitoka katika bahari moja.

Wafugaji wenzetu walikwisha kuonja zaidi. Katika ukame wa 2009 mizoga ilijaa Longido, Monduli na Ngorongoro, na baadaye Serikali ikawagawia ng'ombe wale waliofilisika kabisa, ndiyo kifuta machozi.

Moshono sasa ni kata ya Jiji la Arusha, na mashamba yamekuwa viwanja. Kijana asiye na shamba la kutosha hutafuta kibarua cha siku. Vilima vyetu vina moramu, kokoto nyekundu zilizoachwa na moto wa kale, nazo zatakiwa sana kwa barabara na nyumba. Tarehe 1 Aprili 2013, siku ya Jumatatu ya Pasaka, baada ya mvua kulowesha ardhi, ukuta wa machimbo ya moramu hapa Moshono uliporomoka ukawafunika watu waliokuwa kazini. Zaidi ya watu kumi walikufa. Tuliotoka kanisani siku moja kabla, tukishukuru kwa mvua pamoja na mengine, tulikwenda kuzika. Na mwezi wa Aprili 2024, upande mwingine wa jiji, maji ya korongo yalilisomba gari lililobeba watoto wa shule asubuhi, na watoto kadhaa hawakurudi. Korongo lile huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Watu hulivuka kwa miguu pasipo kulitazama.

Yule mtoto aliyeuliza swali sasa ndiye ashikaye daftari la mvua la shule yetu. Tuna kipimo cha bati na bilauri ya mistari, na kila siku saa tatu asubuhi mtoto husoma na kuandika. Katika juma lake la kwanza alituletea daftari likiwa na mahali patupu kwa siku nne. Akasema hakukuwa na mvua, hakuona cha kuandika. Tulimwambia siku hizo nazo huandikwa, akaketi pale pale akatia sifuri nne.

Mzee jirani yetu hana daftari. Tulipomwendea mwaka uliofuata kumwuliza angefanyaje, alitupeleka shambani kwake akatuonyesha: fungu moja limepandwa katika vumbi kabla ya mvua, fungu la pili limepandwa kwa mvua ya kwanza, na la tatu lilikuwa tupu. Mbegu za fungu hilo zilikuwa ndani, zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko. Tukamwuliza atazipanda lini. Akatazama mlimani, nao siku hiyo ulikuwa umefunikwa, akasema, "Bado." Redio yake ilikuwa ikisema mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu asikilizavyo mgeni aliyetoka mbali, akaizima ili kutunza betri.